Sato Waliopona

Mjukuu wangu Salma,

Umeuliza kwa nini sili tena samaki. Sijamwambia mtu: nimemkasirikia baba. Hapa Mtendeni wote wazima, na usicheke kuwa na bibi wa kidato cha nne. Mama yako ni mtoto wa dada yangu.

Vimelea vya madoa meupe viliua sato wa bwawa letu. Wachache wakapona, na mtafiti wa chanjo akaniomba niwatunze hadi aje kupima kinga iliyo kwenye damu yao. Alipofika, baba alimwekea sinia.

"Kula, mgeni wetu! Hawa ndio walioshinda ugonjwa."

"Wamebaki wangapi?"

"Tukunyime? Tumekaanga wote!"

Nikasimama na birika la kunawia. Chanjo ikaliwa kwa ugali.

Sasa nasikia kandambili za baba zinakuja mlangoni. Barua hii siifichi, aisome.