Batu Bako ku Chaneli ya Pili

Jumatatu, 4 Novemba 1957
Chisenga hajarudi. Bwana yangu, na mudogo yake Kalaba, balitoka Jumamosi kutega nyavu usawa wa Puta, kaskazini ya ziwa. Jana upepo ulipiga kutwa nzima. Mashua za kijiji cha Kafutuma zimerudi. Yetu hapana.

Hata hivyo nimefagia biro, ile ofisi ya redio, ndiyo kazi yangu. Patson, karani wa redio hapa Nchelenge ku kampani ya samaki, ameita Kilwa, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, kwenye mashua ya injini ya kutafuta batu. Bakaitika! Halafu kimya. Patson eti: redio ya Babelgiji mbovu. Wee! Mbovu ni kichwa yake.

Naandika Kiswahili kusudi, Patson asisome. Cha Patson ni cha kuuliza bei ya samaki tu.

Jumanne, 5 Novemba
Ameita tena. Bameitika tena. Kimya tena — na mimi nimejua sababu! Mbele ya kuolewa nilifagia biro ya redio ku Kilwa miaka ine. Kule chaneli ya kwanza ni ya kuitana tu. Ukiitikiwa, wote munahamia ya pili kuongea, ya kwanza ibaki wazi kwa mwenye kuzama. Patson yeye amebandika plasta ya dispensari juu ya kifungo, kikae ku moja, sababu muzungu wa kampani alisema kisiguswe. Donc, basi, bale banamungojea ku ya pili, yeye anabangojea ku ya kwanza. Na bwana yangu iko mu maji!

Nimemuambia. Akacheka. Eti mufagiaji anifundishe redio? Ashike fagio yake! Nimeishika. Kidogo nimupige nayo.

Jumatano, 6 Novemba
Misheck muchuuzi amevuka toka Kilwa. Anasema banatafuta kusini, hawajui nyavu zilitegwa wapi, Nchelenge haiongei nao. Kesho ndiyo mwisho, banaacha.

Kusini!

Mama-mukwe Eness alikuja na bamama ba kanisa kuzima moto ku jiko langu, kama nyumba iliyofiwa. Batoto bake bawili, najua. Nikasimama mbele ya mafiga. Samahani mama, nakuheshimu, lakini huu moto hauzimwi. Akalia. Mimi sikulia. Nimeongeza kuni.

Alhamisi, 7 Novemba
Saa sita mchana. Patson ameenda kula. Nimefunga mulango, nimepitisha fagio ku mukono wa mulango, usifunguke. Plasta nimeibandua na kucha. Kifungo — mbili.

Batu! Batu banaongea! Nikabonyeza: hapa Nchelenge! Mutu wa mashua akapandisha sauti — siku tatu tunawangoja ku mbili, mulikuwa wapi? Nikasema mutatugombeza kesho, leo mwende Puta, mu matete ya Puta. Anasema banageuza. Nisitoke ku mbili.

Sitoki.

Saa saba na nusu. Patson anapiga mulango. Sasa na muzungu. Eti nitafukuzwa, nitafungwa. Bafunge! Nimebajibu: nafagia.

Naandika nyuma ya karatasi za Patson, mukono mumoja ku redio.

Ba mashua banasema banaona moshi mu matete. Banaona mutu amesimama, anapunga shati.

Mutu mumoja. Balienda bawili.

Fagio inaanza kuvunjika. Nimeegemeza kiti, na mugongo wangu. Nimeuliza: shati ya rangi gani? Bamesema ngoja, tunakaribia. Ya Chisenga ni nyekundu, nilimushonea mimi. Ya Kalaba ni nyeupe.

Mama Eness naye amefika inje, namusikia. Anabaambia baache kupiga mulango.