Arbuni ya Hisa za Benki

Jumatano, 8 Novemba 2017

Suruali sita za walinzi, zote kupunguza miguu. Kampuni yao inanunua suruali za majitu halafu inaajiri watu wafupi. Jicho la kushoto linatoa machozi. Nimemaliza saa tisa.

Rehema kaja na kompyuta yake. Mjukuu wangu huyu anafanya kazi kwa dalali wa hisa Sandton, anapokea simu za watu wenye pesa na wasio na adabu. Kanieleza tena ile biashara ya hisa za benki, ulimi mzito kama kaungua na chai. Mtoto wa kuzaliwa Johannesburg, Kiswahili anakisikia tu. Hisa yenyewe hununui. Unalipa kidogo, unapata haki ya kuinunua kwa bei mliyokubaliana, mpaka tarehe 21 Desemba. Ikipanda vya kutosha, haki yako ina faida. Isipopanda, ulicholipa kimekwenda, lakini hakuna anayekufuata mlangoni.

Nikamwambia hiyo ni arbuni. Kwani wamevumbua nini hao? Marehemu baba aliweka arbuni ya ng'ombe huko Pongwe, siku ikafika hana pesa, arbuni ikaliwa, ng'ombe akabaki kwa mwenyewe. Hayo nayajua tangu sijaota meno ya pili.

Nimeweka nauli yangu ya Tanga. Yote. Rehema akasema, "Eish Bibi, weka nusu." Nusu anaweka mwoga.

Miaka kumi na tisa sijamwona Dada Mwanakombo. Aliuza bangili zake mbili ili mimi nije huku. Siendi kwake mikono mitupu, majirani wakanichungulia begi. Naenda na pesa za kuezeka nyumba yake.

Kwa shehe sikuuliza kama ni halali. Sikutaka kujibiwa.

Ijumaa, 17 Novemba

Hisa zimeshuka. Rehema kaniletea kwenye simu kikatuni kinacholia. Nimemjibu: siku haijafika.

Jumatatu, 27 Novemba

Kapiga Mwanahawa, binti wa Dada. Mama yake hali chakula, miguu imevimba, hospitali wamemrudisha nyumbani. Nikamgombeza kwa nini hakunipigia mapema. Akasema, "Mama mdogo, yeye ndiye alikataza."

Dada akamnyang'anya simu. Sauti yake imekuwa ndogo.

"We Zainabu. Njoo."

Nikamwambia nakuja, Desemba, kuna jambo langu la Alhamisi tarehe ishirini na moja, likiisha tu napanda basi.

"Jambo gani hilo lisiloweza kukungoja wewe?"

"Nakuja na mabati, Dada."

"Nitayatafuna?"

Akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi. Nikangoja kiishe. Hakikuisha upesi.

"Haya," akasema. "Baada ya Alhamisi."

Alhamisi, 30 Novemba

Rehema kapita kutoka kazini. Hisa zimepanda, arbuni yangu sasa ni zaidi ya mara mbili. Akauliza, "Bibi, tuiache tu?" Nimemfokea. Siku haijafika, unataka nini? Watoto wa siku hizi chungu hakijachemka wameshachovya kijiko.

Akaniangalia. Akauliza kama naumwa. Nikamwambia aondoe kiatu chake kwenye kitambaa cha mteja.

Habari ya Dada sikumwambia. Namjua. Angetoa mshahara wake wote, halafu angekula mkate na chai mwezi mzima kule Troyeville. Mimi ndiye bibi. Sibebwi na mtoto niliyemfunga nepi.

Jumanne, 5 Desemba

Nimeshona pazia upande usio wake. Nimelifumua. Nimelishona upande ule ule tena. Mjinga.

Jumamosi, 9 Desemba

Mwanahawa anasema mama yake kila akiamka anauliza leo siku gani.

Mama Furaha, yule Mkongo anayesuka nywele chumba cha pili, kaniona jikoni nimesimama na sufuria tupu. Nimemwambia yeye peke yake. Akatoa pesa kwenye kifua. "Mama, beba tu. Utarudisha siku utarudisha." Nimemrudishia mkononi. Zimebaki siku kumi na mbili. Miaka kumi na tisa nimengoja, siku kumi na mbili zitanishinda?

Akasema, "Weye kichwa ngumu kama wanaume."

Kweli.

Ijumaa, 15 Desemba

Mji mzima unazungumzia chama tawala na kiongozi gani watamchagua. Mimi hainihusu, lakini benki inazihusu. Hisa zimeruka. Rehema kapiga simu kutoka kazini, anapiga kelele mpaka bosi wake kamnyamazisha. Nauli, mabati, mbao, fundi, na inabaki.

Nilifurahi. Naandika hapa ili nisije nikakana baadaye. Nilifurahi, nikajiona mwanamke mwenye akili kuliko wote mtaani hapa Berea. Nikanunua kuku mzima.

Jumapili, 17 Desemba

Dada amekufa. Jana baada ya alasiri. Wamemzika leo kabla ya adhuhuri.

Mimi niko Berea.

Jumatatu, 18 Desemba

Rehema kaja, Mama Furaha ndiye aliyempigia. Kakuta nimekaa. Akanishika miguu, akalia kilio cha mtu mzima. Mimi sikulia. Nikamwambia bado siku tatu tu tarehe ifike, siku tatu, laiti hiyo arbuni yako ingekuwa na tarehe ya karibu.

Akaniangalia kama nimesema Kichina.

"Lakini Bibi, si lazima kungoja ile tarehe."

Nikamuuliza anasema nini.

"Ile ndiyo siku ya mwisho tu. Katikati unaweza kuuza. Siku yoyote soko liko wazi. Unamuuzia mtu mwingine, basi. Mimi nilikuuliza tuiache ama vipi, ukanifokea."

Arbuni ya baba ilikuwa ya baba na mwenye ng'ombe. Hukuweza kwenda kumuuzia mpita njia. Unangoja siku yako, ikifika unalipa au unaliwa. Sikujua kuna nyingine. Sikuuliza. Mimi siulizi, mimi nasema.

Nikamtukana. Nikamwambia kasoma bure, kanificha, ana roho ya jiwe, mzungu mweusi. Akasema kwa sauti ya chini, "Bibi, hukuniambia kama Bibi Mwanakombo anaumwa." Kweli sikumwambia.

Nikamwambia auze. Akafungua kompyuta juu ya cherehani. Akabonyeza, akasoma, akabonyeza tena.

"Tayari."

Nikamuuliza tayari nini. Akasema, imeuzwa.

Chai aliyonimiminia ilikuwa bado inatoa moshi. Ndivyo kilivyo kifupi kitu hicho. Ile Alhamisi ya Novemba angebonyeza mara mbili hivi hivi, na siku ya tano mimi niko miguuni kwa Dada, nampaka mafuta.

Alhamisi, 21 Desemba

Leo ndiyo ile siku. Nimeamka, nimefagia. Hakuna kilichotokea.

Rehema kaja kulala hapa. Nimemwambia kosa si lake. Nimelisema nikitazama ukuta, lakini nimelisema. Anataka ningoje wiki moja, nauli za ndege zitashuka. Nimekataa. Kesho basi.

Jumatano, 27 Desemba. Tanga

Nimefika jana jioni. Miguu kama magogo.

Kaburini nimekwenda asubuhi na Mwanahawa. Udongo bado umeinuka. Nilikuwa na maneno mengi tangu mpakani. Nikasoma Fatiha, nikaondoka.

Nyumbani pana chumba cha mbele wamekifunga. Mwanahawa kanifungulia. Anasema mama yake aliamuru kitayarishwe mapema: "Mgeni wangu anakuja baada ya Alhamisi." Akawa anapelekwa kwa kushikwa mikono ili ahakikishe. Shuka jipya. Chandarua. Ndoo ya maji na kata yake. Jirani kapita kunipa pole, akasema, "Wewe ndiye wa Alhamisi? Ametusumbua sana na habari zako."

Begi langu hakulichungulia mtu.

Nimejilaza baada ya adhuhuri. Mto alioniwekea Dada mgumu, umejazwa usufi kupita kiasi, shingo inauma.

Sikumwambia mtu aubadilishe.