Hii Si Chakula

S.L.P. 1182,
Nyakato, Mwanza.
Jumanne, 12 Machi 1996

Mpendwa Shangazi Dorotea,

Shikamoo. Habari za Tabora, na miguu inaendeleaje? Ile dawa ya kuchua imesaidia? Huku tu wazima, ila mume wangu Mayala ana mafua na analalamika kama anayejifungua. Barua yako tumeisoma wote. Ulipoandika kuwa siku hizi huli kitu, nilikosa raha.

Nilikueleza kwamba tangu tupunguzwe kiwandani nimepata kibarua kwa Daktari Venant, anayechunguza ulaji wa familia za Kihindi hapa mjini, maana kisukari kimewazidi. Kazi yangu ni kuuliza, "Jana ulikula nini, kiasi gani?" na kujaza fomu. Natembea na kikombe na kijiko cha kupimia mkobani kama muuza uji. Nilidhani ni kazi nyepesi. Shangazi, kichwa kimevurugika.

Mafuta wanamimina kwa macho tu. Chapati zao nyembamba, mama mwenye nyumba anakula mwishoni, amesimama jikoni, hakumbuki kama zilikuwa tatu au sita. Chai ya maziwa aliyokunywa hata hanitajii. Wewe uliyewapikia Wahindi miaka kumi na moja, ulijuaje nani kala nini?

Linaloniumiza hasa ni la Mama Kirit, yule mjane wa ghorofani Nyamagana anayenipokea kama bintiye. Kila Jumatatu anafunga. Kila Jumanne nikimuuliza, ananijibu, "Jana mimi nafunga, hapana kula." Nami naandika: hakula. Wiki sita! Daktari akasoma fomu zangu, akamwambia Jumatatu asimeze vidonge vyake vya kisukari, visije vikamwangusha akiwa na tumbo tupu.

Jana nilipita kwake kurudisha mwavuli. Nikamkuta na sahani ya viazi vya kukaanga, karanga, na bilauri ya maziwa yaliyokolea sukari.

"Mama, si umefunga?"

Akacheka. "Nimefunga. Hii si chakula, Paska. Chakula ile chapati, wali, dengu."

Kisha akaniambia macho yake yana ukungu wiki ya tatu sasa, anafikiri ni uzee.

Mimi nikafikiria sukari iliyopanda, na Jumatatu zote zile bila vidonge. Yeye hakudanganya. Mimi niliandika alichosema, na daktari akaamini nilichoandika. Sasa mbona mama wa watu anaumia?

Nilipofika nyumbani Mayala akauliza kama nimekula. Nikamwambia sijatia kitu mdomoni tangu asubuhi. Ndipo nikakumbuka mihogo miwili na chai niliyopewa na Sabina sokoni. Ugali tu ndio sikuugusa. Nilishindwa hata kucheka.

Daktari amevuka kwenda Sengerema, anarudi kesho. Nitamngoja kivuko cha Kamanga kitakapotia nanga, nimweleze kabla Jumatatu nyingine haijafika. Akinifukuza, basi. Naogopa, lakini nayaogopa zaidi macho ya yule mama.

Nisalimie Mjomba Luhaga na Dorcas. Mungu akuweke, akupe nguvu ya kufika kisimani na kurudi.

Na wewe, Shangazi, unaposema huli kitu: huli kabisa, au huli ugali? Usinijibu kwa neno moja. Niandikie vyote, hata karanga.

Mtoto wa kaka yako, anayekuwaza,
Paskazia