Yule Bwana Simu

Flemingdon Park, Toronto
9 Novemba 2024

Mdogo wangu Mwantumu,

Assalaam alaikum. Hujambo wewe, na wajukuu, na yale magoti? Mimi mzima, namshukuru Mungu, ila baridi ya huku imeshaanza kuniingia hadi kwenye meno.

Nakuandikia kwa simu, kidole kimoja, nisamehe nikikosea. Leo nikitoka msikitini nimeona tangazo kituoni: sinema za zamani za Kijapani, zile za sayansi na madude. Nikasimama kulisoma mpaka basi likaniacha. Unamkumbuka Bwana Simu? Yule mwembamba mwenye miwani, kila sinema yumo, mara polisi, mara daktari, mara bwana stesheni, na kila mara kazi yake kupokea simu tu? Hatukuwahi kujua jina lake. Nataka nikalijue.

Sina wa kwenda naye. Mwanangu Hyder yuko Calgary. Watoto wake nikiwapigia wananielewa, lakini wananijibu kwa Kiingereza, kwa adabu, kama watu wa benki. Siku nyingine jua linazama sijafungua kinywa. Mwezi uliopita jirani yangu wa mlango wa pili alifariki, na kilichotujulisha ni harufu. Naogopa, Mwantumu.

Dada yako,
Almas


Tanga
11 Novemba 2024

Dada Almas,

Waalaikum salaam. Hatujambo, magoti tu ndiyo yana maneno mengi.

Nani atamsahau Bwana Simu? Enzi za usichana wetu, onyesho la wanawake, Jumatano mchana, ukumbi mzima mabuibui na njugu. Ule ukungu wa kijani ukaimeza treni na abiria wake wote, Bwana Simu akanyakua simu: "Hai! Hai! Hai!" Ukumbi ukalipuka: "Wako hai!" Bi Tatu akapiga vigelegele hadi meno ya bandia yakamtoka. Mama yangu akanishika mkono huku analia, maana kaka yangu alikuwa amelazwa na madaktari wameshakata tamaa. Akaniambia, "Umesikia? Hai." Na kaka akapona. Mama alimwombea dua yule Mjapani mpaka siku zake za mwisho.

Nenda kamwone, unisalimie. Habari ya jirani yako imeninyima usingizi. Chumba cha uani kiko kitupu tangu binti yangu aolewe. Mimi na wewe tumenyonya ziwa moja, la mama yako, kwa hiyo hapa kwangu huwezi kuwa mgeni.

Mdogo wako,
Mwantumu


Flemingdon Park
1 Desemba 2024

Mdogo wangu,

Salaam nyingi. Mzima? Mimi sijui niseme nini.

Nilikwenda. Ukumbi mdogo, vijana wachache. Ukungu kumbe ni moshi tu, treni ni ya kuchezea, vijana wakacheka. Mimi nilikuwa namsubiri yeye. Akatokea! Yule yule, miwani ile ile. Akanyakua simu, "Hai! Hai! Hai!" na mimi nikapiga kelele: "Wako hai!" Peke yangu. Vichwa vyote vikageuka.

Baadaye akanijia mwandaaji, mzee aitwaye Wayne, Mjapani wa kuzaliwa hukuhuku Kanada. Nikamweleza yote. Akanisikiliza vizuri, kisha akaniambia kwamba hai kwa Kijapani ni "ndiyo". Basi. Mkubwa wake anamwamuru kwenye simu, naye anaitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo. Na abiria? Walikufa wote, Mwantumu. Sisi tunashangilia, wenzetu wameshakufa.

Nikamwuliza jina la Bwana Simu. Wayne akarudisha filamu mwisho, akasoma majina yote. Hayumo.

Nilirudi na basi la Don Mills nikilia waziwazi, na hakuna aliyeniuliza kulikoni. Kuhusu chumba, Hyder anasema mtu wa umri wangu hahamihami. Labda kweli.

Dada yako,
Almas


Tanga
3 Desemba 2024

Dada Almas,

Waalaikum salaam. Wazima sote.

Nimecheka, kisha nikakasirika. Huyo Wayne ni mtu mwema, lakini kaka yangu alipona, na sasa hivi yuko barazani anadai chai. Wayne atalitafsirije hilo?

Haya, tuseme hai ni ndiyo. Mimi ninalo swali linalotaka ndiyo. Hyder amekwambia, hakukuuliza. Mimi nakuuliza: utakuja? Usinipe hadithi za baridi na umri. Nijibu kama Bwana Simu.

Mdogo wako,
Mwantumu


Tanga
20 Desemba 2024

Dada Almas,

Salaam. Hujambo? Hujajibu. Kama nimekuudhi nisamehe, unaujua mdomo wangu. Nikipiga, simu yako haiiti kabisa, na namba ya Hyder sina. Chumba nimekipaka chokaa.

Mdogo wako,
Mwantumu


Tanga
10 Januari 2025

Dada,

Leo sina moyo wa salamu. Namfikiria yule jirani yako, kisha najiambia nyamaza, Mwantumu. Nilikuuliza kama utakuja. Liache hilo. Sasa nauliza dogo zaidi: uko hai?

Mdogo wako


Flemingdon Park
17 Januari 2025

Mwantumu wangu,

Assalaam alaikum. Niliteleza kwenye barafu mbele ya jengo letu, mguu ukavunjika, nikalazwa. Simu ilibaki juu ya friji. Hyder alikuja, akakaa kidogo, akarudi kazini. Leo wamenirudisha nyumbani. Nimeiweka simu kwenye chaji, nikakaa mbele yake hadi ikawaka. Zilikuwamo barua zako. Za mtu mwingine hakuna.

Umeniuliza maswali mawili.

Hai, mdogo wangu. Hai.

Dada yako,
Almas