Watoto Watano wa Yule Dada

Jumatatu. Mvua imeanza kabla ya chakula cha mchana na haina dalili ya kuchoka. Bati linapiga kelele hata siwezi kufikiri vizuri, na maharagwe yamekataa kuiva kwa sababu kuni ni mbichi. Mume wangu, Baba Neema, amevuka bonde kwenda kumwona mgonjwa. Nimebaki na simu yenye chaji nusu na moyo wenye aibu tele.

Nikiri mara moja: kwa wiki mbili nimekuwa nikimchunguza mume wangu kama askari anavyomchunguza mwizi.

Kwa aliyeingia kwenye blogu hii leo kwa mara ya kwanza, sisi ni wamishenari. Sio wale wa kuja na ndege. Tumetoka Myanga, kule Bungoma. Kanisa la nyumbani lilituwekea mikono, likatutuma huku juu ya Mlima Elgon, mwendo wa nusu siku kutoka Kitale barabara ikikubali. Huu ni mwaka wa nne. Baba Neema anahubiri, anazika, anapatanisha watu waliogombania mipaka. Mimi ninafundisha watoto, ninashona na akina mama, ninafunga vidonda, na ninapika chai ya wageni wasioisha. Lugha ya Wasabaot, wenyeji wa huku, bado inanipiga chenga. Nikiomba kwa Kiswahili wananiitikia amina kwa upole, kama mtu anayemhurumia mtoto anayejifunza kutembea.

Na nimechoka. Nimechoka hata kuomba. Kila asubuhi nikifungua mlango na kuuona ule ukungu, natamani kurudi nyumbani.

Hilo sikumwambia mtu. Ndivyo nilivyoamini.

Mambo yalianzia Kitale. Kila mwezi ninashuka kununua unga, sukari na nyuzi, na ninalala mtaa wa Tuwan kwa Mama Wambui, mfanyabiashara wa vitambaa ambaye pia ni kiongozi wa ushirika wa akina mama pale. Safari hii alinipokea kama mfiwa. Akanikalisha kwenye kiti chenye mto. Akanipa gambuti mpya, na nilipomuuliza za nini akasema, "Wewe chukua tu, Mama Neema. Mungu anaona." Jioni tulipoingia kwenye ushirika, wanawake walikuwa wakizungumza kwa bidii, wakaniona, wakanyamaza. Kisha mmoja akaanzisha wimbo ambao hakuna aliyejua ubeti wake wa pili.

Watu hawanyamazi hivyo bure.

Nilijiuliza nani amewaambia siri yangu, na jibu lilikuja moja tu. Kikulacho ki nguoni mwako. Kila mwezi Baba Neema huandika barua ya kueleza kazi yetu, inakwenda Myanga na Tuwan kupitia simu. Miaka yote alikuwa akinisomea kabla ya kuituma, nami namrekebisha hapa na pale. Mwezi uliopita na huu hajanisomea. Anapanda peke yake kwenye lile jiwe ambako mtandao unashika, anaandika, anateremka akipiga mluzi. Mwanamume asiye na siri apige mluzi kwenye baridi hii kwa nini?

Basi nikaingia kazini. Nikapekua koti lake nikapata misumari mitatu na orodha ya chumvi na mafuta ya taa. Nikapekua Biblia yake, Mungu anisamehe. Simu yake nilijaribu kuifungua kwa tarehe ya arusi yetu, ikakataa, na hilo nalo nikaliongeza kwenye mashtaka. Mwishowe nikamhoji Neema, binti yetu wa miaka tisa, kama amewahi kumsikia baba yake akinitaja.

"Alituambia tusikusumbue," akasema. "Ati tukuache upumzike."

Mimi nilichosikia ni kwamba hata watoto wameshaambiwa.

Jumamosi tulishuka mpaka Myanga kwa Jumapili ya misheni, siku ambayo tuliotumwa hurudi kutoa ripoti. Kukhu, nyanya yake Baba Neema, alinikumbatia langoni na hakutaka kuniachia. "Pore sana mwanangu. Usijari, sisi tunakuombea."

"Pole ya nini, Kukhu?"

"Si ya hizo mambo."

Hizo mambo! Nilimtazama mume wangu, naye akawa anafungua mizigo kwa bidii ambayo sijawahi kuiona nyumbani kwangu.

Jana ibadani alisimama kutoa ripoti, lakini watu walikuwa wakinitazama mimi. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. Alipofika mahali pa kueleza habari za familia alisema tuko salama, akakatiza, akanywa maji. Nikasema moyoni, ndiyo hiyo, dhamiri inamsuta.

Sikungoja chakula. Nilimvuta Mama Simiyu nyuma ya jiko la kanisa. Huyu tulisoma naye, na ndiye anayetunza daftari la maombi. Sikumsalimu hata. Nilimuuliza nani amewaambia kwamba nimechoka.

Akanishangaa. "Si ni wewe!"

"Mimi? Lini?"

"Wee! Si ulisimama huko Tuwan ukasema tuombee dada mmoja ako kazini mlimani, ana watoto watano, amechoka hata kuomba? Mama Wambui akatutumia ombi siku hiyo hiyo."

"Lakini mimi nina watoto wawili."

"Tulijua umeongeza watatu. Sasa huko mlimani tumetuma dada wangapi, bana?"

Nilitafuta mahali pa kukaa, nikakalia gunia la makaa nikiwa na kitenge changu cha Jumapili.

Nikakumbuka. Ilikuwa miezi miwili iliyopita. Maombi yalipofunguliwa nilisimama nikamtaja dada huyo kwa sauti ya mtu anayeeleza habari za mbali, nikampa watoto watano ili asifanane nami, nikakaa, nikajisahau. Kanisani kwetu hakuna anayesema ninaumwa roho. Kuna rafiki yangu, kuna jirani, kuna ndugu mmoja anayehitaji maombi. Kila mtu anajua rafiki huyo ni nani, na kila mtu anamwombea kwa adabu bila kumwita jina. Mimi mwenyewe nimewaombea marafiki wa watu tangu utotoni huku nikiwachungulia wenyewe. Kumbe nilidhani nimejificha vizuri kuliko wao. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Na hii blogu ya jina la kubuni, si ni dada mwingine tu?

Nilimwomba Mama Simiyu anionyeshe barua za Baba Neema. Zilikuwa zimechapishwa na kubandikwa kwenye ukuta wa jiko pamoja na ratiba ya usafi. Barua ya mwezi huu inaeleza daraja lililobebwa na maji, ubatizo, na ugonjwa wa ng'ombe. Kuhusu mimi kuna mstari mmoja: Mama Neema hajambo na anawasalimu. Ya mwezi uliopita, vivyo hivyo. Nadhani sasa najua kwa nini hakunisomea. Angenitazama vipi machoni na kusoma kwamba sijambo?

Ndipo Mama Simiyu akafungua daftari kunionyesha ombi langu. Lilikuwepo, watoto watano na yote. Chini yake palikuwa na jingine, lililoletwa na kikundi cha wanaume wiki iliyofuata. *Ndugu mmoja aliye kazini mbali. Mke wake amenyamaza. Ndugu anaogopa kumuuliza kama anataka kurudi nyumbani, kwa sababu anaogopa jibu.*

Mama Simiyu alilifunga daftari haraka, akachelewa.

"Huyu ndugu ni nani?" nikamuuliza.

Akatazama sufuria. "Wanaume pia wana marafiki wao."

Nililia hapo hapo, mbele ya sufuria za watu. Nililia kwa hasira kwanza, kisha kwa huruma. Wiki mbili nimempekua mifuko, naye anaogopa neno langu moja. Makanisa mawili yanajua yaliyomo ndani ya nyumba yetu, wasiojua ni sisi tunaolala humo. Leo tangu alfajiri tumesafiri kurudi mlimani, tukizungumzia bei ya unga na tope la barabarani.

Bado sijui jibu langu litakuwa lipi. Labda ni kurudi Myanga. Labda ni kupumzika msimu mmoja tu. Lakini makosa ya kumngoja aniulize sitayarudia.

Mvua imepungua. Namsikia nje, anakwangua matope ya viatu kwenye jiwe la mlangoni. Chai iko tayari. Nitamuuliza yule ndugu anaendeleaje, naye bila shaka ataniuliza habari za yule dada. Hapo sitasema dada. Nitasema mimi.