Hodi Tatu kwa Mashine

Jumamosi, 7 Novemba 2015. Sharafiya, Jeddah.
Tena leo, baada ya zamu, nimekaa mbele ya laptopu ya Hamisi kama mbuzi kanisani. Hamna picha za kubonyeza. Skrini nyeusi, alama ya dola, basi. Amri unaziandika mwenyewe. Hamisi, mwenzangu wa chumbani, hutengeneza kompyuta duka la hapo chini. Anasema mashine hii imezeeka, haibebi zaidi ya maandishi. Tumefanana.

Ila ndani yake mna picha ya mkataba wangu, aliyoiokoa kutoka kwa simu yangu kabla haijafa kabisa. Mkataba wa Nairobi: DEREVA. Kufika Riyadh, kafili, tajiri aliyenidhamini, akaninyang'anya karatasi, akanileta huku Jeddah kulinda yadi ya mabomba. Juani. Miaka arobaini na tisa, leseni ya trela, nalinda mabomba! Jumapili ya tarehe 15 ofisi ya kazi itatusikiliza, mimi na kafili. Bila picha ile mimi ni mzee mwongo tu.

Jumatatu, 9 Novemba.
Somo la kunakili. Hamisi kachomeka flashi, kanipa amri, kaenda kuswali. Nimeandika. Kimya. Kwetu ukibisha hodi usijibiwe, unabisha tena, hadi mara tatu. Nikaandika tena. Kimya. Ya tatu. Kimya. Nimeitukana kwa Kibukusu.
Aliporudi nikamwambia mambo safi. Aibu. Akachomoa flashi, nikaitia kwenye soksi. Flashi tupu. Nitajaribu siku nyingine, akiwa hayupo.

Alhamisi, 12 Novemba.
Nimejimaliza.
Nilikuwa nafanya mazoezi. Hamisi alinifundisha kwamba faili hukaa kama vyumba, kimoja ndani ya kingine, na amri moja hukutoa hatua moja. Nilitaka hatua moja tu, nikafute takataka zangu. Nikaandika. Kimya. Basi mimi na hodi zangu, mara tatu. Kumbe kila mara ilikuwa inanitoa. Nikawa uani bila kujua. Nikaiambia ifute vyote vilivyopo hapa. Haikuuliza hata "una hakika?"
Nyumba nzima imekwenda. Na mkataba.
Hamisi kashika kichwa. "Mzee Wafula, we bwana! Umetumwa ufagie, umebomoa!"
Nikamwambia anyamaze. Nimeipiga teke ndoo. Ndoo ilikuwa na nguo zangu.

Ijumaa, 13 Novemba.
Sikula. Namchukia kafili. Naichukia mashine. Najichukia mimi zaidi, na huyo ndiye ninayelala naye.
Mchana kafili kapiga simu ya yadini kutoka Riyadh. Anacheka. "Mafi karatasi, Wafula. Halas. Yalla, kazini." Yaani hakuna karatasi, yamekwisha. Anajua sina kitu, karatasi anazo yeye. Nikaibwaga simu.
Jioni Hamisi kauliza, "Na ile flashi?" Ikabidi niseme ukweli: mashine ilikataa mara tatu, nami nikaficha. Akanitazama kama anayetazama punda akisoma gazeti. Akaichomeka kwenye kompyuta ya dukani, inayoonyesha picha.
Picha ilikuwemo. Imenakiliwa mara tatu, kila moja juu ya mwenzake. DEREVA, na sahihi mbili.
"Hii ikinyamaza imetii, mzee wangu. Ikishindwa ndipo husema."
Siku nne nimetembea nayo kwenye soksi. Nilicheka, kisha nikakasirika upya. Siku nne!

Jumapili, 15 Novemba.
Ofisi ya kazi. Nilivaa shati la harusi ya binti yangu. Kafili alikuja na manukato na tasbihi, akasema nililetwa kuwa mlinzi tangu mwanzo. Afisa akaweka picha iliyochapishwa mezani. Akamuuliza kama sahihi ile ni yake.
Kafili akanyamaza.
Mkarimani akanigeukia. Nilikuwa na maneno ya miezi kumi na minne mdomoni. Nikaona kalamu ya afisa imeshaanza kuandika. Nikanyamaza na mimi.
Nimepewa ruhusa ya kutafuta kafili mwingine.
Hamisi kapika wali. Ndoo nimeinyoosha kidogo, bado inavuja.