Zulia Mbele ya Rejeta

Mama watoto,

Gari usiliwashe kwanza. Fundi anarudi saa nane na oili mpya ya giaboksi, mfungulie geti.

Amekuja asubuhi ulipokwisha toka. Nikamweleza kwamba kikongwe chetu hiki cha otomatiki kinachemka giaboksi kwa sababu wewe unakanyaga breki na mafuta kwa pamoja, ndiyo maana nimekunyang'anya ufunguo. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akanusa, akakunja uso. Imeungua, nyeusi tii. Nikasema, "Si unaona? Mke wangu huyo!" Akapiga magoti mbele ya gari, akaingiza mkono, akatoka na kipande cha zulia.

"Kimeziba rejeta ndogo inayopoza oili ya giaboksi. Upepo ungepita wapi? Nani kakiweka?"

Nikatazama juu, kama mtu anayengoja mvua.

Ndiyo, ni lile zulia la sebuleni ulilolitafuta nyumba nzima. Nililikata nikalifunga pale kwa waya, paka asiingie kulala kwenye injini. Limejaa manyoya yake. Amelifanya godoro.

Fundi akianza kukusimulia, nakuomba usicheke mbele yake.

Ufunguo wako uko chini ya kopo la sukari. ~~Ila uendeshe taratibu.~~ Hayo nimeyakata. Endesha unavyotaka.

Ni mimi, baba watoto, nitakayekwenda kazini kwa miguu wiki mbili, kama ulivyokwenda wewe.